Dubwana limeinama, linanata au linanuka? Kwanza sema limelala wapi

Watu wanaoniletea madubwana yao ya plastiki yaliyoharibika wana swali moja tu, "kaka, nipake nini?", na mie kabla sijajibu nawauliza limekaa wapi miezi sita iliyopita, maana huku kwetu Tanga kesi nyingi nilizoziona sio za kiwanda, ni za dirisha, kabati, buti la basi na udi wa bi mkubwa. Dubwana lenyewe mara nyingi halina kosa.

Nazungumzia yale masanamu makubwa ya vinili, ya Godzilla, Gamera, Mothra, Rodan, King Ghidorah na ukoo wao wote wa sinema za Kijapani, yale Wajapani wanayaita sofubi, yaani vinili laini. Yapo madogo ya kampuni ya Bandai ya sentimita kama 17 hivi unayashika kwa mkono mmoja, halafu yapo ya kampuni ya X-Plus ya sentimita 25 na 30, na juu yake kuna toleo la Gigantic ambalo likiingia sebuleni wageni wanasahau hata kusalimia. Kadiri lilivyo kubwa ndivyo magamba yanavyoonekana moja moja, na ndivyo matatizo yanavyozidi, kwa sababu uzito wote ule unabebwa na ngozi ya plastiki tupu, ndani hamna kitu.

Hebu elewa hili kwanza, ukilielewa nusu ya kazi imeisha. Vinili hii ni PVC, ndugu yake lile bomba la maji la fundi, na kama unavyojua bomba ni gumu, sasa ili iwe laini kiwandani wanachanganya na mafuta maalumu ya kulainisha. Mchanganyiko unamiminwa kwenye kalibu ya chuma, unapashwa moto, tabaka la nje linaganda, uji uliobaki katikati wanaumwaga, kisha wanaivuta ngozi ikiwa bado ya moto kupitia kitundu kidogo tu, ndio maana kichwa, mikono na mkia huwa vipande mbalimbali. Kwa hiyo dubwana lako lina maadui wawili wakubwa: joto, ambalo linalirudisha kwenye ulaini, na yale mafuta yake lenyewe, ambayo hayatulii ndani milele. Karibu kila ninachoeleza huku chini kinarudi kwenye hivyo viwili.

LIMEINAMA

Ulilisimamisha vizuri, wiki mbili tatu baadaye unaliona linaangalia miguu yake kama limedondosha shilingi, au limelalia upande mmoja, au asubuhi unalikuta chini limewaangusha wenzake wote.

Usikimbilie maji moto. Tafuta gololi ya mtoto, iweke kwenye rafu pale pale linaposimama. Ikibingirika, rafu ndio imeinama, dubwana liko sawa. Unacheka, lakini mie nimemkanda Godzilla mmoja mguu wa kulia mara tatu, mara ya nne ndio nikagundua ubao wa kabati, la urithi hilo, kabla halijawa la madubwana lilibeba vyombo vya udongo vya bibi miaka na miaka, umepinda katikati kama mgongo wa punda. Nikaweka kipande cha boksi chini ya mguu wa kabati, yakaisha.

Gololi ikitulia, basi chukua kioo bapa, liweke dubwana juu yake na mkia ukiwa mahali pake, halafu pitisha karatasi ya daftari chini ya kila unyayo. Pale karatasi inapopita ndipo palipoinuka. Ikipita kisiginoni, unyayo umepinda. Isipopita popote lakini mwili umelala mbele, basi kifundo cha mguu ndio kimelegea. Ikipita chini ya mkia, angalia mkia, na hapa wengi wanakosea, maana mkia wa Godzilla ni mguu wa tatu, ukiuzungusha kidogo tu ili upendeze kwenye picha umeshamnyang'anya fimbo yake.

Sasa limepataje kupinda? Sababu ya kwanza huku kwetu ni safari. Mzigo ukishatoka Dar unapanda basi, Chalinze, Segera, Muheza, kilomita kama 350 mpaka stendi, na konda akiuchomeka kwenye buti la upande wa injini basi boksi linafika limeiva. Kosa kubwa ni kulifungua pale pale kwa uchu ukalisimamisha mezani likiwa bado vuguvugu, kwa sababu linapoa likiwa limebeba uzito wake na linagandia kwenye hilo pozi la kuinama. Boksi likifika la moto lilaze chali, kaswali, kale, rudi baadaye. Mie siku hizi namwambia kabisa konda, "mjomba, mzigo huu usikae karibu na injini, una kitu cha kuyeyuka," na akisikia kuyeyuka anauweka juu na viatu vya abiria.

Sababu ya pili ni bati. Nyumba isiyo na siling bodi, kwenye ile kaskazi ya Januari na Februari, rafu ya juu kabisa ni oveni. Watu wanapanga makubwa juu na madogo chini ili ionekane kama ngazi, mie nasema geuza, mazito yashuke chini kunakopoa, juu weka vijidogo vinavyojibeba.

Kulinyoosha ni hivi. Chemsha maji, epua, yaache dakika tano sita yapunguze hasira, unataka ya moto sana lakini sio yanayotokota. Tumbukiza ile sehemu iliyopinda tu, sio dubwana zima, dakika mbili tatu. Bonyeza kwa kitambaa, ukiona inakubali, toa, likandamize kwenye kioo au lishikilie kwenye pozi unalotaka, halafu hapo hapo hamia kwenye beseni la maji ya barafu na usiachie mkono mpaka likaze. Wengi wanaachia mapema, linarudi lilikotoka. Kama rangi ni ya zamani au imeanza kupasuka achana na maji, tumia draya ya saluni, sogeza sogeza usiitulize sehemu moja, mtu mwenye dada mwenye saluni hapo ana bahati yake. Na maji yakiingia ndani kupitia kiungo lazima uyatoe yote, ukiyaacha utarudi kwenye sehemu ya ukungu huku chini.

Jiko la mkaa hapana. Nimeletewa Rodan bawa limekuwa kama karatasi ya maandazi kwa sababu dogo aliliweka juu ya makaa "lipate joto kidogo". PVC ikiungua inatoa moshi wenye tindikali, unakuwasha macho na kifua, kwa hiyo umepoteza bawa na pumzi kwa mpigo.

Kama limenyooka lakini bado halina imani na miguu yake, jaza mchanga kwenye vifuko vidogo vya nailoni, funga, ingiza miguuni kupitia kiungo cha nyonga au kiuno kama kinafunguka. Mchanga wa mto uliooshwa na kukaushwa, sio wa pale Raskazone ufukweni, ule una chumvi na chumvi inavuta unyevu. King Ghidorah yeye ni mkorofi wa peke yake, vichwa vitatu, mikia miwili na mabawa mawili mazito mgongoni, huyo hata ukimnyoosha mabawa yatalegea tena, mie nayachomoa kabisa kipindi cha joto nayalaza kwenye boksi, anabaki uchi kidogo lakini anasimama.

LINANATA

Hapa ndipo watu wanaharibu zaidi kuliko popote, kwa hiyo soma polepole.

Unaligusa na vidole vinashika kama umegusa sahani ya kashata. Vumbi limeganda halitoki kwa kupuliza. Kabla hujaosha fanya kipimo cha kitambaa: chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe maji ya uvuguvugu kidogo, futa sehemu ya mgongoni, kisha kiangalie na kukinusa.

Kitambaa kikitoka cha kahawia na kinanukia udi au ubani, umepata jibu, ni moshi. Alhamisi jioni nyumba zetu zinafukizwa, mama anapita na chetezo chumba hadi chumba, na moshi ule una mafuta yake yanayotua kwenye kila kitu, pazia, kioo cha runinga na Mechagodzilla. Dawa ya mbu ya kuchoma inafanya vivyo hivyo, ila harufu yake sio ya kupendeza. Hili ni jepesi, linaoshwa likaisha. Na usithubutu kumwambia mama aache kufukiza, funga mlango wa kabati.

Kitambaa kikitoka karibu kisafi lakini kina utelezi, na harufu ni ya plastiki, ile ya kandambili mpya, basi ni yale mafuta ya kulainisha yanatoka nje. Hii inatokea hasa kwa dubwana lililofungiwa, watu wanalinunua, wanaliviringisha kwenye nailoni, wanalitia kwenye boksi, boksi juu ya kabati, chini ya bati, mwaka mzima "lisiharibike". Humo ndani hamna hewa, joto linasukuma mafuta nje na yakitoka hayana pa kwenda, yanakaa juu ya ngozi.

Kuna sababu ya tatu ambayo ilinichukua muda kuijua, ni naftalini. Zile vidonge nyeupe za kuwekea kanga zisiliwe na wadudu. Mvuke wake unaingia kwenye plastiki na kuilainisha, na rangi nayo inalegea. Kabati la kanga na kabati la madubwana yasiwe kabati moja, hata kama nyumba ni ndogo.

Na dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kopo. Ukipuliza chumbani, matone mara nyingi yana kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa na yanatua juu ya rangi. Puliza mbali au funika kwa shuka kwanza.

Kuosha: maji vuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo, mswaki laini, fuata mistari ya magamba kama unavyopara samaki ila taratibu na kinyume chake, yaani kutoka kichwani kwenda mkiani. Suuza kwa maji baridi, kama kisima chenu kina chumvi tumia maji ya mvua au ya bomba. Kausha mbele ya feni, sio juani. Sabuni ya unga haifai, punje zake zinakwaruza. Jiki haifai. Spiriti inachukua rangi. Thina, petroli na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha usiviweke hata chumba kimoja na dubwana, vile vinaharibu vinili yenyewe, unaanza na kitu kinachonata unamaliza na kitu kisicho na uso.

Wapo wanaopaka poda ya mtoto baada ya kukausha. Inasaidia kwa muda, mie sipendi, inajaa kwenye mikunjo na Godzilla anaonekana kama ametoka kwa kinyozi. Afadhali hewa. Lililotoa mafuta liache wazi kwenye kivuli, lioshe tena baada ya mwezi, rudia, mengi yanatulia. Machache hayatulii kabisa na hayo unaishi nayo tu.

VIDOA VYEUPE KATIKATI YA MAGAMBA

Viko vya aina tatu na dawa zake hazifanani. Vyenye manyoya manyoya na harufu ya godoro lililolowa ni ukungu, hasa masika, Machi mpaka Mei, ukuta wenyewe unatoa jasho. Ukungu hauli vinili vizuri, unakula vumbi, moshi na jasho la vidole lililobaki juu yake, kwa hiyo osha kama nilivyosema, fungua kichwa ukauke na ndani, kisha sogeza kabati vidole vinne kutoka ukutani ili hewa ipite nyuma.

Kama ni weupe wa vumbi laini, hauna harufu, na ukipuliza draya sekunde chache unapotea kama nta, basi ni nta nta ya plastiki yenyewe imepanda juu. Haina madhara. Futa, utarudi, futa tena.

Vidoa vya tatu, vyenye nukta nyeusi katikati, ni mjusi, hamna haja ya maelezo. Futa mapema, vikikaa vinaacha alama kwenye rangi.

Mzee mmoja mvuvi jirani yetu alinikuta nasugua mgongo wa Godzilla na mswaki, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anaangalia yale magamba, akasema, "Mwanangu, mbona unahangaika na la plastiki, sie tumewahi kulitoa la kweli." Alikuwa anamsema silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha zamani za madinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na hapa kwetu wavuvi wamemnasa kwenye majarife ya papa mara nyingi tu, ndio maana mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sikuwa na jibu. Niliendelea kusugua.

LIMEGANDIA RAFUNI, AU RANGI YA JIRANI IMEHAMIA

Mafuta yale yale tena. Vinili laini ikisimama muda mrefu juu ya vanishi, rangi ya mafuta au plastiki nyingine inailainisha na vinashikana. Ikigusana na ile povu nyeupe ya kufungia runinga inaila kabisa, utakuta shimo lenye umbo la unyayo. Usilivute. Pasha kidogo na draya, zungusha taratibu. Halafu chini ya kila dubwana weka kioo au kipande cha marumaru kilichobaki kwa fundi, na kati ya dubwana na dubwana vipite vidole viwili.

LIMEGEUKA NJANO

Jua la dirishani. Jeupe na lile linaloonyesha ndani ndio yanaanza. Halirudi. Hamisha yaliyobaki.

TAA HAZIWAKI

Yale matoleo maalumu ya X-Plus yanayoitwa Shonen Ric mengi yana taa, mdomoni au mgongoni, na ukiishi karibu na bahari upepo wa chumvi unafika kwenye betri kabla yako. Fungua kijumba cha betri, ukiona unga wa kijani au mweupe, toa betri, sugua vibati kwa pamba yenye siki kidogo, kisha pamba yenye maji kidogo, kausha sana, weka mpya. Bado? Kwaruza kibati kwa kifutio cha penseli. Bado tena? Waya umekatika, mpelekee fundi redio, mwambie asishike vinili na ncha ya kulehemu, mwambie mara mbili. Usipowasha, betri zikae nje.

RANGI NILIYOPAKA MWENYEWE HAIKAUKI

Umetumia rangi ya mafuta, ile ya milango. Kwenye vinili laini haikauki, sio wiki ijayo, sio mwakani, mafuta ya ndani yanaizuia. Gamera wangu mmoja nilimpaka gamba kwa rangi iliyobaki kwenye geti la nyumbani, mpaka leo ukimshika unaondoka na alama ya kidole cha kijani. Tumia rangi za akriliki za maji, au rangi zilizotengenezwa kwa ajili ya vinili, tabaka jembamba jembamba, na kabla ya yote osha mafuta ya juu. Iliyokwisha kunata itoe taratibu kwa spiriti na kijiti cha pamba, ukijua na rangi ya kiwanda iliyo chini yake itaondoka nayo.

KICHWA KINACHEZA, KIUNGO KIMEACHA UFA

Kinachocheza: kichomoe kwa kupasha shingo na draya dakika moja hivi, ukivuta likiwa baridi utachana ukingo. Zungushia utepe mwembamba wa mafundi bomba, ule mweupe, rudisha. Ufa kwenye mkia: pasha pande zote mbili, sukuma pamoja, funga kwa mpira wa nguo mpaka lipoe. Super glu ni ya mwisho kabisa, inakuwa ngumu kama kioo wakati ngozi ni laini, siku ya joto ngozi inatanuka gundi haitanuki, inabanduka na kuacha kidonda kikubwa kuliko cha kwanza.

LINANUKA KALI NA HALIFANANI NA PICHA

Harufu ya vinili mpya ni kawaida, inaisha kwa feni siku chache. Lakini ikiwa inapanda kichwani, kingo za viungo zina ndevu ndevu za plastiki na meno yamepakwa nje ya mstari, ligeuze uangalie chini ya miguu. La halali la Toho, kampuni ya sinema za Godzilla, lina chapa ya Toho na ya mtengenezaji, herufi zinasomeka. La kufyatua, yaani feki, herufi zimefifia au pamekwanguliwa. Kipimo kinachonipa uhakika zaidi ni rula, kwa sababu anayefyatua anatengeneza kalibu kutoka kwenye sanamu halisi, na vinili ikipoa inasinyaa, kwa hiyo nakala yake inatoka fupi kuliko mama yake. La mwisho kuletewa lilikuwa la sentimita 30 kwenye tangazo, mwenyewe analalamika linainama kila siku hata akilinyoosha. Gololi ilitulia, unyayo ulikuwa sawa, mkia sawa. Tukaweka rula toka unyayo mpaka utosini, 28 na kidogo, na ngozi ya kifundo ukiibonyeza inaingia ndani kama mpira wa nailoni uliopungua upepo. Pale nilimwambia ukweli, tukalijaza mchanga miguu yote miwili, sasa linasimama dukani kwake barabara ya 12 karibu na mizani, na watoto wanaotumwa sukari hawalijui kama ni la kufyatua.